Jicho Likiendelea Kuuma Baada ya Kupandikizwa Konea

Ofisi ya msikiti imezoea maswali ya ndoa, mirathi na mazishi. Siku hizi tunaulizwa na hili: mgonjwa amepandikizwa konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, wiki zimepita na jicho bado linauma; je, avumilie?

Arudi hospitali, na arudi leo. Upandikizaji wenyewe si jambo geni, kwani wa kwanza kufanikiwa kwa binadamu ulifanywa na Eduard Zirm mwaka 1905. Maumivu madogo ya siku za mwanzo hutarajiwa. Lakini yakizidi au yakirudi, jicho likawa jekundu, likashindwa kustahimili mwanga na kuona kukafifia, huenda mwili unaikataa konea ya mtu mwingine, hata baada ya miaka. Pengine ni uzi uliolegea, presha ya jicho au vijidudu. Kuwahi ndiko kunakoweza kuliokoa jicho.

Yapo pia maumivu ambayo daktari akimulika haoni kidonda. Konea imejaa mishipa ya fahamu. Ikikatwa huweza kupona vibaya, ikaendelea kupeleka habari za maumivu pasipo jeraha. Mgonjwa huyo hasingizii, wala familia isimwambie kuwa anajidekeza.

Kwa jamaa zetu wa Machame, Marangu na Rombo, kushuka Moshi ni nauli na siku nzima ya kazi. Ndipo mtu hushawishika kutia majani, au matone yaliyobaki kwa jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulihusisha takriban robo ya vidonda vya konea vilivyochunguzwa hapa Tanzania na dawa za kienyeji. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya macho. Nauli ya kufika huko ichangwe msikitini kama tunavyochanga sanda.

Linalotutia hofu zaidi ni Ramadhani. Wapo wanaoacha matone mchana wakichelea saumu, kumbe wanakatiza dawa inayoilinda konea. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, tone la jicho halibatilishi saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilisema vivyo hivyo, mradi kinachofika kooni kisimezwe. Na daktari akikataza kuinama, mgonjwa asujudu kwa ishara. Habari ya maji ya udhu amuulize imamu wake mapema, kabla ya siku ya upasuaji.