Nyumba ya Engadin Bila Ng'ombe

Huko Engadin, bonde la milimani mashariki mwa Uswisi, nyumba ya mkulima ilijengwa kwa hesabu ya majira ya baridi. Watu, ng'ombe na nyasi kavu walikaa chini ya paa moja. Mlango wenye tao uliachwa mpana ili mkokoteni wa nyasi upite ukumbini, kwa Kiromanshi sulèr, hadi ghalani nyuma. Zizi lilikuwa chini. Kuta za mawe ni nene, na madirisha hupanuka kwa nje na kubana kwa ndani: mwanga uingie, joto lisitoke.

Lakini maisha yenyewe yalikuwa ndani ya stüva, chumba kidogo kilichopigwa mbao za msonobari. Jiko lake hukokwa kutoka nje ya chumba, moshi usiwafikie waliomo. Juu yake kuna tundu darini. Usiku watu walipanda hapo moja kwa moja vitandani, wakilifuata joto.

Leo anayekarabati hulitazama ghala kwanza. Nyasi hazipo, ng'ombe hawapo, na pale penye giza panatakiwa sebule ya vioo. Mimi sioni ubaya, mradi stüva isivunjwe ili kupata jiko la kupikia la kisasa. Ubaya hasa uko kwenye saruji. Ukuta wa kale ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani na mawe huanza kumomonyoka. Chokaa huuacha ukuta upumue (wenyeji wa Lamu hawahitaji kuambiwa). Tena ni kwenye chokaa mbichi ndiko mafundi wa Engadin hukwaruza mapambo yao, sgraffito, mpaka rangi ya chini ijitokeze: maua, samaki, jina la mwenye nyumba na mwaka wa ujenzi.

Kijiji cha Guarda kilikarabatiwa namna hiyo tangu 1939 chini ya msanifu Iachen Ulrich Könz, na mwaka 1975 kikapata Tuzo ya Wakker, ya Uswisi kwa uhifadhi wa majengo. Ukarabati ulipoanza, wengi wa wenye nyumba walikuwa bado wakulima.

Siku hizi wanunuzi ni wengine. Mwaka 2012 Waswisi walipiga kura kuzuia nyumba mpya za mapumziko katika vijiji ambako nyumba za aina hiyo zimezidi asilimia 20 ya makazi yote. Nyumba za kale hazikuguswa na katazo hilo, kwa hiyo matajiri wa mijini wakazigeukia, na bei zikapanda. Mtoto wa kijijini anayetaka kuishi humo mwaka mzima sasa hushindana na mnunuzi atakayekuja wiki chache tu za kuteleza kwenye theluji.