Silaha Iliyosalimishwa Iende Wapi?

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaomiliki silaha kinyume cha sheria. Nchini kwetu, mwaka 2022, muda wa kuzisalimisha ulikuwa 1 Septemba hadi 31 Oktoba. Hatulipwi kama Australia, ambako serikali ilinunua bunduki zaidi ya 600,000 baada ya mauaji ya Port Arthur ya mwaka 1996, ikaziharibu. Kwetu malipo ni kutoshtakiwa.

Huku Singida, hasa Manyoni na Itigi karibu na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, silaha haramu ikitajwa wengi wetu tunafikiria gobore. Likishapokelewa, linakwenda wapi?

Wanafunzi wa falsafa tunakutana na swali la jirani mapema, katika kitabu cha kwanza cha *Jamhuri* cha Plato. Rafiki amekukabidhi silaha akiwa na akili timamu, kisha akarukwa na akili, anaidai. Umrudishie? Sokrates anaonyesha kwamba kumpa mtu kilicho chake si haki nyakati zote. Sisi tunaongeza: hata ghala laweza kurukwa na akili. Mwaka 1979, jeshi la Idi Amin lilipokimbia, kambi ya Moroto iliachwa na Wakaramoja wakachukua bunduki kwa maelfu. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi, na Karamoja iliumia kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tunasema ziharibiwe. Wapo wanaouliza kwa nini nchi maskini iteketeze bunduki nzima wakati askari wa wanyamapori wanazihitaji. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini gobore halimfai askari, na aliyesalimisha alifanya hivyo ili silaha itoke duniani, si ibadilishe mikono. Kwanza, bila shaka, polisi wachunguze kama ilitumika katika uhalifu. Msamaha wa kumiliki haufuti damu ya mtu.

Iharibiwe hadharani pia. Novemba 2016 Kenya iliteketeza silaha 5,250 pale Ngong, rais akishuhudia. Msumbiji walikwenda mbali zaidi: kuanzia 1995 Baraza la Kikristo, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane wa Anglikana, lilibadilishana na watu, bunduki kwa majembe, baiskeli na cherehani. Vipande vilivyokatwa walipewa wasanii wa Maputo; kiti kimoja walichounda kiko British Museum. Hapo ndipo Isaya 2:4 ilipopata karakana.

Gobore ni kazi ya mhunzi wa kijijini. Tungependa chuma chake, kikishakatwa mbele ya polisi, kirudi kwa mhunzi huyohuyo. Nanyi wanaparokia, msilete silaha sakristia. Wakati wa msamaha ipelekeni kituo cha polisi. Anayeogopa kwenda peke yake amwombe katekista amsindikize.