Kupima kazi ya shirika dogo la kuokoa wanyama

Shirika dogo la kuokoa wanyama mara nyingi ni watu wachache, kiwanja chenye uzio, mabanda ya mbwa, chumba cha paka, na daktari wa mifugo anayefika mara moja au mbili kwa wiki. Linaendeshwa kwa michango, na mwisho wa mwaka huwaandikia wachangiaji wake taarifa ambayo karibu kila mara hutanguliza idadi ya wanyama waliookolewa. Idadi hiyo imepatikana kwa jasho, lakini inahesabu walioingia getini tu. Shirika hufaulu au hushindwa kwa yale yanayowapata wanyama hao baadaye, na kwa yale yanayotokea kwa mbwa na paka waliobaki mtaani. Yote mawili yanapimika, hata pasipo kompyuta.

Kazi huanzia kwenye daftari la mapokezi. Kila mnyama huwa na mstari wake: siku aliyoletwa, alikookotwa, hali aliyokuwa nayo, chanjo alizopewa, siku aliyoondoka na namna alivyoondoka. Kutokana na daftari hilo hupatikana hesabu inayotumiwa na vituo vingi duniani, yaani kati ya wanyama wote waliotoka, wangapi wametoka wakiwa hai. Kituo kikipokea mbwa 100 kwa mwaka, 60 wakapata makazi mapya, 25 wakafa au wakadungwa sindano ya kuwaondolea mateso, na 15 wakawa bado wamo mabandani, basi waliotoka ni 85 na walio hai kati yao ni takriban asilimia 71. Wale 15 hawahesabiwi upande wowote mpaka ijulikane wameishia wapi.

Huko Marekani asilimia 90 ndiyo kiwango kinachotajwa sana na vituo vinavyokataa kuua wanyama wanaotibika. Kiwango hicho kinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kituo kinachopokea watoto wa mbwa wenye afya peke yao hukifikia bila shida, ilhali kinachopokea mbwa waliogongwa na magari hubaki chini yake hata kama daktari wake ni hodari zaidi. Kuna pia njia mbaya ya kukifikia: kuwafungia geti wagonjwa, au kumwacha mnyama asiyepona aendelee kuteseka ili asionekane kwenye safu ya vifo. Ndiyo maana asilimia hiyo haina maana ikitenganishwa na safu inayoeleza hali ya mnyama siku aliyoingia.

Safu ya vifo ndiyo inayofundisha zaidi, na kwa bahati mbaya ndiyo inayofichwa zaidi. Ugonjwa wa parvo, unaowaharisha damu watoto wa mbwa na kuwaua kwa siku chache, unaonyesha sababu. Dalili zake hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 14 tangu mbwa aambukizwe, mara nyingi ndani ya wiki moja. Mtoto wa mbwa anayeanza kutapika siku moja baada ya kuletwa ameingia tayari na maradhi. Anayeanza wiki ya tatu au ya nne ameyapatia humo humo kituoni. Kirusi chake hukaa sakafuni na kwenye udongo kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui. Jiki iliyochanganywa na maji ndiyo inayokiua, tena baada ya uchafu kuondolewa kwanza. Mtu akiorodhesha vifo kwa kufuata siku ambazo kila mnyama alikuwa amekaa kituoni, orodha yenyewe humwonyesha palipoharibika: hakuna banda la kuwatenga wageni, viatu vilevile vinaingia banda hadi banda, au chanjo inachelewa. Kituo chenye vifo vingi vya namna hiyo huenda kinaua watoto wa mbwa ambao wangepona kama wangeachwa walipokuwa, na huruma ya wafanyakazi wake, hata iwe ya kweli kiasi gani, haiwafidii wanyama hao.

Kutoka hai nako si mwisho wa hesabu. Mbwa aliyekabidhiwa familia anaweza kuishia kwenye mnyororo mfupi juani bila bakuli la maji, au akazaa ndani ya mwaka mmoja na watoto wake wakatupwa dampo. Simu moja baada ya mwezi na nyingine baada ya mwaka, pamoja na ziara za ghafla kwa nyumba chache, hutosha kujua mengi: kama mbwa yupo, kama amechanjwa tena, kama amefungwa kizazi, analala wapi. Ziara ina faida ambayo simu haina, kwa kuwa hali ya mbwa hujulikana kwa mkono. Kwa mbwa wa kawaida mwenye afya, vidole vikipita ubavuni huhisi mbavu kwa wepesi lakini macho hayazioni zikiwa zimejichora. Madaktari huipa hali hiyo alama kwenye kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 4 na 5 ni mwili mzuri, 1 ni mifupa mitupu. Familia ambazo hazikupatikana zinapaswa kuandikwa kuwa hazijulikani. Kuziweka kwenye kundi la waliofanikiwa, kama inavyofanyika mara nyingi, ni kumdanganya mchangiaji na kujidanganya.

Upande wa pili, ule wa mtaani, ni mgumu zaidi na ndio wenye uzito zaidi. Kuokota mbwa huku waliobaki wakizaa bila kizuizi ni kuteka maji kwa pakacha. Ushahidi mzuri katika jambo hili umetoka Jaipur, India, kwa shirika liitwalo Help in Suffering. Kuanzia Novemba 1994 shirika hilo lilikuwa likiwakamata mbwa wa mitaani, kuwafunga kizazi, kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa, kuwatia alama na kuwarudisha walikokamatwa. Kufikia mwisho wa mwaka 2002 mbwa karibu 25,000 walikuwa wamepitia mikononi mwake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba asilimia 65 ya majike katika eneo la mradi walikuwa wamefungwa kizazi na kuchanjwa, idadi ya mbwa ilikuwa imepungua kwa asilimia 28, na wagonjwa wa kichaa cha mbwa katika hospitali kuu ya serikali waliotoka eneo hilo walikuwa wamefikia sifuri, wakati wa maeneo mengine walikuwa wakiongezeka. Shirika lingeweza kuishia kutangaza mbwa 25,000. Lilijua yaliyobaki kwa sababu lilikuwa na desturi ya kuwahesabu mbwa waliokuwa barabarani.

Hesabu ya namna hiyo haihitaji mtaalamu. Muungano wa kimataifa wa mashirika yanayoshughulikia mbwa na paka, ICAM, ulitoa mwongozo wake mwaka 2015, na vipimo vingi vilivyomo vinawezekana kwa watu wawili wenye karatasi na kalamu. Wanachagua njia isiyobadilika, wanaipita alfajiri kabla magari na watu hawajajaa, na kila mbwa wanayemwona wanamwekea alama: dume au jike, anayenyonyesha, mtoto, aliyekonda, mwenye ngozi iliyobabuka kwa upele, mwenye alama sikioni ya kufungwa kizazi. Wanarudia msimu uleule kila mwaka, kwa kuwa mbwa wa sehemu nyingi huzaa zaidi katika miezi fulani. Jumla watakayoipata haitakuwa kamili, maana mbwa wengine wamelala uani au chini ya magari. Uwiano ndio wa kutegemewa. Sehemu ya majike wanaonyonyesha hushuka mapema, kabla idadi ya mbwa haijaanza kupungua, kwa hiyo huwapa wafanyakazi dalili kwamba wako njiani.

Hata hivyo mbwa wanaweza kupungua kwa sababu zisizolihusu shirika. Huenda halmashauri imepitisha operesheni ya kuwapiga risasi au kuwawekea sumu, au dampo lililokuwa likiwalisha limehamishwa. Dawa ya shaka hii ni kulinganisha na mahali ambapo shirika halikufanya kazi. Tanzania ina mfano wake. Katika Wilaya ya Serengeti mbwa wa vijijini walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kuanzia mwaka 1996, na kampeni zikafikia zaidi ya asilimia 60 ya mbwa. Ugonjwa kwa mbwa ulishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ya pili. Watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa walipungua pia, jambo ambalo halikutokea katika Wilaya ya Musoma, ambako chanjo hizo hazikupelekwa. Bila Musoma, mtu angeweza kudai kwamba ugonjwa ulikuwa unajiishia wenyewe. Shirika dogo linaweza kufanya vivyo hivyo kwa mitaa miwili, mmoja likaufanyia kazi mwaka huu na mwingine mwaka unaofuata.

Pemba inaongeza jambo jingine. Kichaa cha mbwa kiliondolewa kisiwani humo mwaka 2014 kwa chanjo, kikarejea mwaka 2016, kikaondolewa tena mwaka 2018. Kipimo kilichokomea mwaka 2014 kingesema kazi imekwisha.

Kuhusu fedha, wachangiaji wengi huuliza kwanza ni asilimia ngapi inakwenda kwenye mishahara na ofisi. Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazochunguza mashirika ya hisani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliwaandikia wachangiaji barua ya wazi kuwaambia kwamba asilimia hiyo peke yake ni kipimo kibovu. Zilikuwa sahihi. Mhudumu anayelipwa vizuri na kubaki miaka mitano anamjua mbwa mgonjwa kabla hajaanza kutapika; kumwondoa ili ofisi ionekane ya bei rahisi ni hasara kwa wanyama. Kinachofaa kuulizwa ni gharama ya matokeo: kumfunga kizazi jike mmoja kunagharimu kiasi gani, na kumlisha mbwa mmoja aliyekaa bandani miaka mitatu bila kupata mwenyewe kunagharimu kiasi gani. Vituo vingi vikiweka hesabu hizo mbili kando kwa kando hugundua kwamba banda linameza fedha ambazo zingefunga kizazi cha mtaa mzima. Hilo halitoshi kuwa sababu ya kumtupa mbwa aliyezoea watu, ila linafaa kufikiriwa kabla ya kujenga banda jingine.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi. Taasisi ya Animal Charity Evaluators, iliyoanza mwaka 2012, hupendekeza hasa mashirika yanayotetea kuku na wanyama wengine wa kufugwa kwa ajili ya chakula, kwa hoja kwamba wao ni mabilioni na msaada wanaoupata ni mdogo. Kwa hesabu hiyo, kituo cha mbwa na paka huonekana ghali mno. Hoja ina nguvu na haifai kukwepwa. Lakini mtaa wenye mbwa wagonjwa una watoto wanaoumwa na mbwa hao, na shirika lililo karibu nao lina kazi ambayo hakuna mwingine atakayeifanya. Linachodaiwa ni kuifanya kwa namna inayowafikia wanyama wengi iwezekanavyo kwa fedha liliyonayo.

Muda nao huingia kwenye kipimo. Vifo vya kituoni vinaweza kushuka ndani ya miezi michache baada ya banda la wageni kujengwa. Majibu ya simu hupatikana baada ya mwaka. Mabadiliko ya mbwa mtaani huchukua miaka kadhaa, na Jaipur ilisubiri minane. Mwaka wa kwanza wa shirika hutoa hali ya kuanzia tu, na mfadhili anayetaka matokeo baada ya miezi sita hana atakachoonyeshwa isipokuwa idadi ya walioingia getini na ya waliofia kituoni.