Rangi ikibambuka kwenye jipsamu, tafuta maji kwanza

MSIMU wa mvua unapowadia, mafundi wa rangi mijini hupata kazi nyingi za kurudia. Rangi iliyopakwa miezi michache tu iliyopita huanza kuvimba kama malengelenge, kisha hubambuka vipande vipande. Lawama huelekezwa kwa rangi yenyewe, ikidaiwa kuwa ni bandia au ilizidishwa maji. Mara nyingi rangi haina kosa.

Tatizo hili limekuwa gumu zaidi tangu kuta na dari za jasi, ambazo wengi huziita jipsamu, zilipoenea katika nyumba na ofisi nchini. Ukuta wa mawe uliopigwa lipu huvumilia kusuguliwa na kuoshwa. Ubao wa jasi ni kitu kingine kabisa: ni jasi iliyogandishwa katikati ya karatasi mbili ngumu. Rangi hushika karatasi hiyo, wala si jasi iliyo ndani. Karatasi ikilowa, huachana na jasi na kuondoka pamoja na rangi.

Kabla ya kukwangua chochote, okota kipande kilichoanguka ukitazame upande wa nyuma. Kikiwa na unga mweupe, yaelekea fundi alipiga msasa kisha akapaka rangi bila kufuta vumbi. Kikiwa laini na safi, huenda rangi ya maji ilipakwa juu ya rangi ya mafuta inayong'aa bila kuikwaruza kwanza. Lakini kikiwa kimeng'oka na karatasi, shuku maji.

Maji hayo yana njia nyingi. Doa la hudhurungi darini huashiria bati linalovuja au bomba la ghorofa ya juu. Ukuta unaopakana na bafu hulowa kupitia nyufa za vigae. Rangi ikibambuka karibu na sakafu pekee, tazama namna nyumba inavyopigwa deki, kwani ubao uliogusa sakafu hunyonya maji kama utambi. Ukiwa bado na shaka, bandika kipande cha plastiki ukutani, uzibe pande zote nne kwa utepe na kukiacha siku moja au mbili. Unyevu ukitokea nyuma ya plastiki, unatoka ukutani. Ukitokea mbele, ni mvuke wa jikoni au bafuni, na dawa yake ni kupitisha hewa.

Baada ya kuziba chanzo, acha ukuta ukauke kabisa, hata ikichukua wiki kadhaa. Bonyeza kwa kidole gumba: ubao uliolainika au kuvimba haufai kupakwa chochote, ukatwe na kuwekwa kipande kipya. Ukiwa imara, kwangua rangi iliyolegea na ukate kwa wembe kingo za karatasi iliyochanika badala ya kuivuta.

Hapa ndipo mafundi wenye haraka hukosea. Karatasi ya kahawia iliyoachwa wazi hupakwa puti moja kwa moja, nayo hunyonya maji ya puti na kutoa mapovu. Sharti itangulie praima ya kuziba, hasa ya mafuta, na ikauke. Ndipo puti ipakwe kwa matabaka membamba, ipigwe msasa laini wa namba 150 hadi 220, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Praima tena, kisha rangi mara mbili.

Katika nyumba kuukuu, rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto. Usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe kidogo unapokwangua, ufunike pua na mdomo, na watoto na wajawazito wakae mbali.

Mpangaji naye ana jambo la ziada la kufanya. Wenye nyumba wengi hukata gharama ya rangi kutoka kwa amana anapohama, hata pale kosa ni la bomba. Doa linapojitokeza, lipige picha yenye tarehe na umwarifu mwenye nyumba kwa maandishi siku hiyo hiyo, kabla rangi haijaanza kuanguka.