Nifungue na Nini?

Hatua ya sita. Mwenye nyeupe ana askofu c4 na farasi g5. Mwenye nyeusi ametoka kumla askari wa d5 kwa farasi wake, anadhani hesabu imekuwa sawa. Hapo farasi wa g5 anaruka hadi f7 na kujitoa mhanga. Mfalme hana hiari, anamla. Malkia anachomoka hadi f3 kwa cheki, na mfalme, ili asimpoteze farasi wake wa d5, anapanda e6. Sasa kasimama katikati ya ubao peke yake huku nusu ya jeshi lake bado imelala nyumbani. Shambulio hili linaitwa Ini la Kukaanga, na kila mashindano ya wikendi yana mtu wa kulila.

Aliyefungwa hivyo ana ugonjwa unaojulikana. Usiku uleule anafungua simu, anatazama video tatu na kuamua kwamba kujibu e4 kwa e5 ni kosa la kimaumbile. Anahamia Ulinzi wa Kisisilia. Wiki mbili baadaye Kisisilia nacho kinamponza, anakimbilia Caro-Kann. Mwaka ukiisha anajua hatua tano za mwanzo za kila ufunguzi unaotajwa duniani, na kiwango chake kimeganda palepale. Kumbe dawa ya jioni ile ilikuwa hatua moja tu: badala ya kumla askari wa d5, farasi wa c6 aende a5 akamsumbue askofu. Au mapema zaidi, kwenye hatua ya tatu, atolewe askofu hadi c5. Farasi mweupe akithubutu kuja g5, malkia mweusi anamla bure.

Ndiyo maana swali ambalo wachezaji wa ridhaa huwauliza makocha, “nifungue na nini?”, hujibiwa kwa kusitasita. Muulizaji anataka silaha. Kocha anajua kwamba silaha hiyo haipo. Kompyuta zenye nguvu kuliko binadamu yeyote hukadiria faida ya kuanza na nyeupe kuwa chini ya nusu ya askari mmoja. Hiyo ndiyo faida yote wanayoipigania mabingwa wanapokesha wakichimba funguzi mpya. Mchezaji wa ridhaa humwacha farasi mzima bila mlinzi kwenye hatua ya 18, na mpinzani wake, kwa bahati njema, haoni. Katika mchezo wa namna hiyo, tofauti kati ya ufunguzi bora na ule wa kawaida haionekani hata kwa darubini.

Na kukariri kuna mpaka. Nyeupe ina hatua 20 za kuanzia, nyeusi ina 20 za kujibu, hivyo baada ya kila mmoja kusogeza mara moja tayari kuna hali 400. Kila mmoja akishasogeza mara mbili, njia zimefika 197,281. Nyingi ni za kipuuzi, kweli, lakini mpinzani wako wa Jumamosi naye hucheza za kipuuzi, na kitabu hakisemi umfanye nini.

Wacheza bao wanalielewa hili bila kuambiwa. Anayejifunza namua, awamu ya mwanzo ya bao, hapewi orodha ya mitaji ya kukariri. Anakaa barazani na fundi, anafungwa, anaonyeshwa kwa nini nyumba yake imeliwa mapema na kete za ghala bado ziko mkononi. Ufunguzi wa sataranji nao unafaa kujifunzwa hivyo. Chagua ule ambao ukifungwa utajua umefungwa na nini.

Kwa kipimo hicho, mimi kura yangu naipa Ufunguzi wa Kiitaliano. Ni mkongwe. Gioachino Greco aliuandikia michezo ya mfano mwanzoni mwa miaka ya 1600, na ile michezo bado inawachekesha na kuwafundisha watoto. Askari e4, farasi f3, askofu c4. Kila kete inayotoka ina sababu unayoweza kumweleza mtu asiyewahi kuugusa ubao: huyu ameshika katikati, huyu anamtishia askari wa e5, huyu anaitazama f7, mahali panapolindwa na mfalme peke yake. Kisha mfalme anahamia pembeni na ngome yake, askari wanasogea c3 na d3, na farasi wa pili anaanza safari yake ndefu ya d2, f1, g3. Safari hiyo ni somo tosha. Inamfundisha mgeni kwamba kete isiyo na kazi hutafutiwa kazi, hata ikichukua hatua tatu.

Wapo watakaosema Kiitaliano ni cha wanafunzi. Walisema hivyo kwa muda mrefu, mpaka mwaka 2000 kule London, Vladimir Kramnik alipomzuia Garry Kasparov kwa Ulinzi wa Berlin na kumvua taji la dunia bila kupoteza mchezo hata mmoja. Ufunguzi wa Kihispania ambao Berlin huujibu, uliobeba jina la padri Ruy López na kitabu chake cha 1561, ukawa umekutana na ukuta. Miaka iliyofuata mabingwa wengi waliotaka kukwepa ukuta huo walirudi kwenye askofu wa c4. Magnus Carlsen anaucheza. Mwanafunzi hana sababu ya kuuonea aibu.

Mfumo wa London nauogopa zaidi, na najua hapa nitapata maadui. Askari d4, askofu f4, askari e3 na c3, farasi wawili, basi. Sifa yake kubwa ni kwamba unazipanga kete vilevile hata mpinzani afanye nini. Kwangu mimi hilo ndilo tatizo lake kwa anayejifunza: kwa hatua nane za mwanzo halazimiki kuangalia upande wa pili wa ubao, na kuangalia upande wa pili ndiyo kazi yenyewe. Nakiri kwamba Ding Liren aliutumia kushinda mchezo wa sita wa fainali ya dunia ya 2023 kule Astana. Ding lakini alikuwa amekwisha kujifunza kuangalia. Mtu mzima mwenye kazi na watoto, anayetaka tu kufika hatua ya kumi akiwa salama, autumie kwa amani.

Kwa nyeusi sina maneno mengi. Dhidi ya e4, cheza e5 ili ujifunze michezo ileile kutoka pande zote mbili za ubao. Dhidi ya d4, cheza d5, kisha askari e6, farasi f6, askofu e7, na mfalme ajifiche. Kisisilia kitakusubiri.

Ukishachagua, kaa hapo. Mwaka mmoja si mwingi. Baada ya kila mchezo wa maana, andika kwanza kwa maneno yako mwenyewe ni wapi ulianza kuhisi mambo yanaenda mrama, ndipo uiulize programu. Stockfish ni ya bure, na tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, nayo ni ya bure, haina hata matangazo ya kumaliza kifurushi. Ukiiuliza kompyuta kabla ya kufikiri itakupa jibu la swali ambalo hukuwa nalo. Na michezo ya dakika tatu, ambayo ni tamu kama sambusa za Ramadhani, haihesabiwi hapa. Mtu hawezi kujifunza kufikiri katika mchezo uliotungwa ili asifikiri.

Saa zinazobaki zipeleke mwishoni mwa mchezo. José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia kutoka Kuba, alikifungua kitabu chake cha mafunzo cha 1921 kwa mambo ya mwisho: mfalme na ngome dhidi ya mfalme, mfalme na askari dhidi ya mfalme. Anayejua kwamba mfalme aliyefika mstari wa sita mbele ya askari wake ameshinda, zamu iwe ya nani, isipokuwa askari akiwa wa pembeni kabisa, ana kitu cha kudumu. Kwenye ngome kuna hali mbili za lazima: ya Philidor, ya kuokoa sare, na ya Lucena, ya kushinda. (Hiyo ya Lucena haimo hata kidogo katika kitabu cha Lucena cha 1497. Sifa zake anazikusanya mtu asiyehusika.)

Atakayeona njia hii ni ya polepole amtazame Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Alianza kwa kufuata uji ambao Robert Katende aliwapa watoto waliokuja kujifunza sataranji. Aliyemwonyesha jinsi kete zinavyotembea alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Walicheza, wakafungana, wakarudi kesho yake. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Istanbul, Phiona alipata cheo cha shirikisho la dunia, FIDE.

Usishangae kiwango kikikaa bila kupanda. Kwa kanuni ya Arpad Elo, iliyopitishwa na FIDE mwaka 1970, anayekuzidi pointi 200 anatarajiwa kuvuna takriban pointi 76 katika kila michezo 100. Ukimbana akavuna 70 umeendelea, ingawa jedwali la mashindano bado litakuandika uliyeshindwa. Kwa hiyo tazama kitu kingine: je, ulipoteza farasi bure mara ngapi mwezi huu, na mwezi uliopita mara ngapi? Idadi hiyo ikipungua, endelea na Kiitaliano chako. Isipopungua, pia endelea nacho, na uongeze mafumbo kumi kila asubuhi kabla ya chai.