Kabla ya Gari la Zanzibar Kupanda Rangwi

Simu za kuulizia magari ya Zanzibar huongezeka viazi vikishauzwa. Mkulima wa Rangwi au wa Lukozi, huku Lushoto, ameona picha ya gari aina ya Toyota Noah kwenye simu. Limeoshwa likang'aa, matairi yamepakwa dawa, na bei iko chini kwa milioni mbili au tatu ukilinganisha na Noah za yadi za Dar es Salaam. Namba yake inaanza na Z. Dalali anamwambia, "Kaka, nchi ni moja hii, unavusha tu na feri." Nchi ni moja kweli, lakini madaftari ya usajili wa magari ni mawili, na ule unafuu wa bei anaoufurahia mara nyingi ni kodi ambayo bado haijalipwa.

Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, na TRA ndiyo inayoukusanya pande zote mbili kwa viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tofauti inakuja kwenye ukadiriaji wa thamani ya gari, na kwenye VAT, ambayo Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 1998 na Bara ina sheria yake ya mwaka 2014. Kwa hiyo gari lile lile huweza kuingia Unguja kwa kodi ndogo kuliko ambayo lingelipa bandari ya Dar es Salaam. Likitaka kuhamia Bara moja kwa moja, linakadiriwa upya kwa kanuni za Bara, kilicholipwa Zanzibar kinaondolewa, na mwenye gari analipa tofauti. Wazanzibari wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi, hata bungeni, na naona malalamiko yao yana uzito. Hata hivyo, anayenunua leo ananunua chini ya utaratibu uliopo leo.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme gari limekadiriwa thamani ya shilingi 10,000,000, injini yake ni cc 1,998 na umri wake umepita miaka 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, unaotozwa kwenye 12,500,000, yaani 625,000. Kisha kuna ile tozo ambayo watu huiita ya uchakavu: asilimia 30 kwa gari lililopita miaka 10, nayo, kwenye 12,500,000 hiyo hiyo, ni 3,750,000. VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya thamani ya gari na kodi hizo zote, 3,037,500. Jumla ni 9,912,500, kabla ya ada nyingine ndogondogo, na hiyo ni karibu sawa na gari lenyewe. Kama mwenye gari alilipa milioni sita alipolisajili Zanzibar, wewe unabaki na deni la karibu milioni nne. Ule unafuu wa milioni tatu umekwisha, na bado hujalipa feri wala mafuta ya kutoka Dar es Salaam hadi Mombo.

Ndiyo maana nasisitiza hesabu hii ifanywe kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika bei. Omba kadi ya gari na nyaraka za forodha za siku lilipoingia Zanzibar, uzipeleke TRA au kwa wakala wa forodha mwenye leseni, akukadirie tofauti. Muuzaji anayekataa kukupigia picha nyaraka hizo ameshakujibu.

Wapo wanaoona njia ya mkato: gari libaki na namba ya Z, lifanye kazi huku huku milimani. Kabla ya kuifuata njia hiyo, uliza TRA kibali cha kuja nalo Bara kinadumu muda gani. Kikiisha, gari linaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa isiyolipiwa ushuru kamili na kukamatwa, na kumuuzia mtu mwingine kihalali itakuwa shida.

Jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui linahusu herufi za namba. Sisi Bara tumezoea kupima umri wa gari kwa herufi: hii namba C, hii namba D, hii namba E. Herufi hizo zinaeleza kipindi gari liliposajiliwa Bara tu. Noah la mwaka 2003 lililokaa Unguja miaka mingi, likihamishwa leo, linapata namba mpya kabisa. Ukiuziwa Lushoto gari la namba E kwa bei ya namba E, uliza lilitoka wapi, kisha usome mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Kwa gari la Kenya mambo ni mazito zaidi. Jumuiya imeondoa ushuru kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, lakini Toyota ya Japani haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imetembea Mombasa. Inapofika Horohoro inahesabiwa kama gari linaloingia nchini.

Karatasi zikikaa sawa, ndipo uingie uvunguni. Gari la visiwani limeishi karibu na chumvi. Mwambie fundi aliinue, apitishe kidole na bisibisi kwenye chesesi nyuma ya matairi, kwenye mikono ya shokapu na kwenye paipu za breki. Kutu ya juu juu inafutika. Ile inayobanduka kama magamba, bisibisi ikazama, ni ya kuacha. Rangi nyeusi mbichi iliyopulizwa uvunguni isikupe faraja, maana huenda imefunika hayo hayo. Kisha linganisha namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi.

Liko pia jambo la mlima. Unguja ni tambarare na safari zake ni fupi, kwa hiyo gari linaweza kukaa huko miaka bila injini wala breki zake kujaribiwa kwa dhati. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kona na kupanda kama mita 1,000, na kuelekea Rangwi lami inaisha, unabaki na udongo unaoteleza masika. Gasketi ya silinda hedi iliyochoka itavumilia Unguja, ikakushinda kabla ya Soni. Kwa kuwa huko huna mlima wa kulijaribia, liache liungurume muda mrefu na kiyoyozi kikiwaka, uangalie kama feni inaingia kwa wakati. Injini ikishapoa, fungua kifuniko cha rejeta: maji yenye kutu yanakuambia kuwa limekuwa likipewa maji ya bomba bila kulanti. Washa tena kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba gesi ya silinda inapenya kwenye maji.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya visiwani ina unyevu mwingi. Yakishanyonya maji, yanachemka kwa joto dogo. Unaposhuka kutoka Lushoto huku umekanyaga breki muda wote, yanatoa mvuke ndani ya paipu, na pedali inazama bila kushika. Yabadilishwe yote kabla gari halijapanda mlima hata mara moja, na dereva ajifunze kushuka na gia ndogo, hata kama ni otomatiki.

Malipo yapite benki, kwa mkataba uliosainiwa mbele ya wakili, na muuzaji awe ndiye aliyeandikwa kwenye kadi. Napendekeza sehemu ya fedha ibaki hadi usajili wa Zanzibar ufungwe na namba ya Bara itoke, na hilo liandikwe kwenye mkataba. Namba ikishatoka, nenda na kadi mpya kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo, kwa sababu bima inayosoma namba ya Z haitakuwa na maelezo yanayolingana na gari litakalosimamishwa na trafiki pale Mombo.