Nukta ya Maada na Nukta ya Wakati: Leza za Nusukipitishi na Kilima cha Lubumbashi

Kilima cheusi kando ya bomba refu la moshi mjini Lubumbashi ni mabaki ya tanuri za shaba, ambazo ya kwanza iliwashwa mwaka 1911. Mawe yaliyoyeyushwa humo yalitoka kwa sehemu kubwa Kipushi, nayo mabaki yake yamehifadhi gerimani. Gerimani ni nusukipitishi, yaani maada ambayo upitishaji wake wa umeme waweza kudhibitiwa. Makala haya yanaeleza jinsi maada za aina hiyo zinavyotumika katika leza zitoazo mapigo mafupi mno ya mwanga.

Katika Kiswahili, neno nukta lina maana ya doa dogo na pia ya sekunde. Maana zote mbili zinahitajika hapa. Nukta-kwanta ni chembe ya nusukipitishi yenye upana wa nanomita 20 hivi; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Elektroni iliyofungiwa humo huwa na viwango maalumu tu vya nishati, na rangi ya mwanga utokao hutegemea ukubwa wa chembe. Wazo la kuzitumia katika leza lilitolewa na Arakawa na Sakaki wa Japani mwaka 1982.

Nukta hizo zikioteshwa hazilingani ukubwa. Kasoro hiyo imegeuka faida: rangi zikiwa nyingi, pigo laweza kufupishwa zaidi. Ndani ya leza, sehemu moja hukuza mwanga. Nyingine humeza ulio hafifu na kuuachia ulio mkali. Mwanga ukienda na kurudi, kingo hafifu za pigo humezwa na kilele hubaki. Hatimaye pigo huwa fupi kuliko pikosekunde moja, muda ambao mwanga husafiri milimita 0.3 tu.

Mwaka 2011 watafiti wa London walitangaza leza ya nukta-kwanta iliyojengwa juu ya kitako cha gerimani. Mwaka 2024 kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines, ilianza kupeleka Ubelgiji makinikia ya gerimani kutoka kilima cha Lubumbashi ili yasafishwe huko.

Mwanafunzi wa Lubumbashi huzungumza Kiswahili mtaani na kusoma fizikia kwa Kifaransa. Neno nukta laonyesha kwamba sehemu ya istilahi anazozihitaji tayari imo kinywani mwake; kazi iliyobaki kwa wanaisimu na wanafizikia ni kuikamilisha kwa pamoja.